Datsun 240Z nyumbani: uirudishe kama ilivyotoka kiwandani, uiboreshe kwa kiasi, au uitie injini nyingine?

Mzee yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara ya vumbi kuisubiri Safari Rally anaijua Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo, na Shekhar Mehta akaingia wa pili kwa gari la aina ile ile. Mwaka 1973 Mehta alirudi na Lofty Drews, wakalingana alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS, na bado ushindi ukawa wao. Gari jekundu lenye boneti nyeusi likabaki vichwani mwa watu.

Leo ukiipata moja, ya kurithi au ya kununua, unakutana na mafundi watatu wenye maneno matatu. Wa kwanza atakuambia usiguse kitu, rudisha kila skrubu ilivyokuwa. Wa pili atakuambia tengeneza breki na umeme, mengine acha. Wa tatu atakuambia toa hiyo injini kuukuu, weka RB, yaani injini ya Nissan Skyline. Wote watatu wana hoja. Jibu lako linategemea hali ya bodi uliyonayo na maisha unayotaka gari liishi, kwa hiyo nimezipima njia hizi tatu kwa vigezo vile vile: fedha na spea, kazi inayowezekana nyumbani, gari linavyokuwa barabarani, thamani yake na uwezekano wa kurudi nyuma, na mwisho karatasi za serikali.

Kabla ya yote, kutu

Hapa ndipo nitakaa zaidi, maana hapa ndipo mradi unapofia. 240Z haina chesisi inayotenganishwa na bodi. Bodi ndiyo chesisi, na bati lake ni jembamba. Gari zima lina uzito wa kilo elfu moja na kidogo tu. Wepesi huo ndio raha yake, na ndio udhaifu wake.

Kutu ya gari hili ina makazi yanayojulikana. Iko chini ya betri, ambako asidi hudondoka miaka nenda rudi. Iko sakafuni, na kwenye reli mbili zinazopita chini ya sakafu. Iko kwenye pembe ya chini nyuma ya mlango, mbele ya tairi la nyuma, na kwenye shimo la tairi la akiba. Iko pia chini ya kioo cha mbele, ambako maji ya mvua huingia na kukosa pa kutokea. Gari lililokaa Mombasa, Tanga au Unguja kwenye upepo wa chumvi likaguliwe kwa jicho kali kuliko lililokaa Nakuru au Arusha.

Inua gari kwenye stendi nne. Kamwe usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Funga sumaku ndani ya kitambaa chembamba na uipitishe polepole kwenye bodi. Pale inapokataa kushika, pana puti nene, na chini ya puti pana jambo. Kisha chukua bisibisi na ugonge zile reli kwa mpini, hatua kwa hatua, kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkavu. Kilichooza hutoa mlio mfu, na ukisukuma ncha ya bisibisi inazama, na unga mwekundu unakudondokea usoni. Vaa miwani.

Reli zikiwa nzima, njia zote tatu ziko wazi. Zikiwa zimeoza, fundi wa kuchomelea lazima aje kwanza, na kabla hajakata sakafu achomelee vyuma vya muda kati ya nguzo za mlango. Bodi iliyokatwa bila kushikiliwa hujikunja, na milango haitafunga sawasawa tena. Fundi anayetaka kupaka puti juu ya kutu ili rangi iwahi, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.

Njia ya kwanza: kurudisha asili

Fedha na spea. Injini ya asili ni L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, inayolishwa na kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Ndani yake hakuna kitisho. Injini za familia ya L zilitumika kwenye Datsun na Nissan nyingi, kwa hiyo gasketi, ringi na pampu ya maji zinapatikana ukitafuta kwa subira, Kirinyaga Road au Kariakoo, na usipopata unaagiza. Fedha huliwa na vitu vidogo vya ndani na nje: dashibodi isiyopasuka, nembo, plastiki za viti, mipira ya milango. Magari ya familia hii, yaani 240Z, 260Z na 280Z, yalitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1969 na 1978, na mengi mno yalikwenda Marekani. Spea za urembo zinafuata yaliko magari. Usafiri na ushuru vinaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe, kwa hiyo agiza kwa mafungu, si kimoja kimoja.

Kazi ya nyumbani. Hii ndiyo njia inayomfundisha mtu zaidi. Vifaa vya kawaida vinatosha kwa sehemu kubwa. Kabureta zile zina pini ndogo pembeni: injini ikiwa inaunguruma polepole, inyanyue kidogo sana na usikilize. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ukishuka na injini kutaka kuzima, mafuta ni machache. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, umefika. Unarekebisha kwa kizungushio kilicho chini ya kila kabureta. Kumbuka tu kwamba kabureta iliyopangwa Mombasa itatoa mafuta mengi mno ikifika Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,700, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi.

Kazi moja inayotesa kila anayeigusa ni ile pini ndefu inayoshika mkono wa nyuma wa gurudumu. Baada ya miaka hamsini imeshikana na bushi kama kitu kimoja. Usiipige nyundo kichwani, utaitanua na haitatoka kabisa. Ilowekee mafuta ya kulainisha mapema, kisha uivute kwa kivutio cha skrubu, au ulipeleke kipande chote kwa fundi mwenye mashine ya kukandamiza.

Barabarani. Asubuhi ya Jumapili kwenye lami nzuri, hakuna gari la bei yake linalokupa furaha hii. Kwenye foleni ya Dar es Salaam saa nane mchana, petroli hupata joto ndani ya mirija na injini huanza kukohoa. Taa ni hafifu. Breki za mbele ni diski, za nyuma drami, na zinasimamisha gari kwa kiwango cha mwaka 1970. Moshi wa ekzosi huingia ndani kupitia mipira michakavu ya mlango wa nyuma na ya taa za nyuma. Mipira mipya huondoa harufu hiyo, nayo ni sehemu ya kurudisha asili.

Thamani. Hapa njia hii haina mpinzani. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971 ambayo haikuwahi kufanyiwa ukarabati iliuzwa Marekani kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000. Ni bei ya gari la pekee na hupaswi kuitarajia, lakini inaonyesha wakusanyaji wanathamini nini. Nissan wenyewe walilitunza gari lililoshinda Safari mwaka 1971, na miaka mingi baadaye likafufuliwa hadi likatembea tena.

Karatasi. Hazibadiliki. Namba ya injini na ya bodi zinabaki kama zilivyoandikwa.

Inamfaa mwenye gari lililokamilika, hasa lenye injini yake ya kuzaliwa, asiyeliendesha kila siku, na mwenye subira ya kungoja kifurushi miezi.

Njia ya pili: kuboresha kwa kiasi

Wazo ni kwamba mtu akilizunguka gari asione kilichobadilika, ila anayeliendesha aone.

Fedha na spea. Unaokoa kwenye urembo na kutumia kwenye usalama. Mimi ningeanza na umeme kabla ya kitu kingine chochote. Katika 240Z umeme wa taa kubwa unapita moja kwa moja kwenye swichi ya usukani, na mzigo mkubwa wa gari zima unapita kwenye ile saa ya ampea ndani ya dashibodi. Waya za miaka hamsini zikibeba mzigo huo zinapata moto, na kisanduku cha fyuzi huanza kuyeyuka pembeni. Weka relei za taa karibu na taa zenyewe, ili swichi ibebe mkondo mdogo tu wa kuziamsha. Ni kazi ya bei nafuu na taa zinang'aa papo hapo. Kisha alteneta ya 280ZX, gari lililorithi 280Z, yenye ampea 60 na regyuleta ndani yake, inaingia mahali pa ile ya zamani. Unachohitaji ni kuziunganisha upya waya za regyuleta ya nje. Distributa ya 280ZX yenye mfumo wa kielektroniki inaondoa ile kazi ya kusafisha na kupima pointi kila mara.

Breki zina habari njema kwa watu wa huku. Kalipa za mbele za Toyota Hilux 4x4 ya zamani, zenye pistoni nne, zimekuwa zikifungwa kwenye 240Z kwa miongo kadhaa. Zile zilizoandikwa S12+8 zinakaa kwenye diski ya asili. Za S12W zinataka diski nene yenye matundu ya hewa, kwa hiyo soma maandishi kwenye chuma kabla ya kulipa. Unakunja au kuondoa bati la vumbi nyuma ya diski. Pedali itazama zaidi kwa sababu pistoni mpya zinataka mafuta mengi ya breki, na dawa yake ni masta silinda ya inchi 15/16 badala ya 7/8. Baada ya hapo breki za mbele zinakuwa na nguvu kuliko za nyuma kwa kiasi kikubwa. Zijaribu mahali patupu, mara nyingi, kwa mwendo unaopanda kidogo kidogo, kabla hujampakia mtu.

Injini inayochoka inaweza kupisha L28 ya 280Z, sentimita za ujazo 2,753. Inakaa kwenye vishikio vile vile, na kwa macho ya wengi ni ile ile. Unaweza kubaki na kabureta zako juu yake.

Kazi ya nyumbani. Karibu yote inawezekana nyumbani, na uzuri wake ni kwamba inagawanyika. Mwezi huu relei, mwezi ujao breki, na katikati gari linatembea. Miradi mingi ya magari ya kale hufa kwa sababu gari lilifunguliwa lote kwa siku moja, kisha fedha zikaisha na boksi za skrubu zikapotea. Njia hii inakukinga na hilo. Piga picha ya kila kiunganishi kabla ya kukichomoa, na kila unachokitoa kifunge na kukiandika jina.

Barabarani. Hapa ndipo njia hii inaposhinda. Bushi mpya, shokomzoba mpya ndani ya mirija ile ile, taa zinazoona, breki zinazoshika, na kinga ya joto kati ya ekzosi na kabureta, vinalifanya gari la Jumapili kuwa gari la kwenda nalo Naivasha na kurudi usiku bila wasiwasi. Usiweke bushi ngumu za plastiki kila mahali, hata kama zinauzwa kwa seti. Kwenye barabara zenye viraka utasikia kila kokoto mgongoni; mpira wa kawaida unatosha sehemu nyingi. Kiyoyozi kinawezekana pia, alteneta ikishabadilishwa.

Thamani. Ukitunza sehemu za asili, hujapoteza kitu. Kanuni yangu ni kutotoboa bodi wala kukata waya za asili. Tumia tundu lililopo, na uongeze waya pembeni zenye viunganishi vinavyochomoka. Mnunuzi wa kesho akitaka asili, mpe boksi.

Karatasi. Relei, breki na bushi hazigusi kitabu cha gari. L28 inagusa, kwa kuwa namba ya injini inabadilika.

Inamfaa mtu anayetaka kuendesha, mwenye familia inayotaka kupanda, na mwenye bajeti inayokuja kidogo kidogo.

Njia ya tatu: injini nyingine

Fedha na spea. Injini inayotajwa zaidi ni RB25DET ya Nissan Skyline: silinda sita kwenye mstari kama L24, sentimita za ujazo 2,498, yenye turbo, na nguvu za farasi 250 zilizotangazwa na kiwanda katika Skyline R33. Wengine huangalia 1JZ ya Toyota, kwa sababu ya Toyota Mark II zilizojaa mitaani na mafundi wanaoijua injini hiyo kwa kugusa. Kwa spea za injini, njia hii inaweza kuwa rahisi kuliko zote: unaingia dukani, unataja jina, unapewa. Tatizo ni kwamba bei ya injini ndiyo mwanzo tu wa matumizi. Vishikio, shafti, rejeta, pampu ya petroli, mirija ya shinikizo, ekzosi, waya na kompyuta, vyote vinafuata. Difu ya R180 iliyomo ndani ya 240Z haikupangiwa nguvu hizo, na watu huishia kuweka R200 iliyo imara zaidi. Breki za njia ya pili si hiari tena hapa.

Kazi ya nyumbani. Kuitoa na kuiingiza injini kunawezekana kwa winchi na marafiki. Kuimarisha bodi hakuwezekani bila fundi anayejua kazi. Zile reli nyembamba za chini lazima ziongezewe chuma, la sivyo bodi itajisokota kila ukikanyaga mafuta, na nyufa zitaanza kwenye kona za milango. Waya za kompyuta zinataka fundi umeme mwenye mchoro mkononi. Omba uone gari jingine alilolimaliza, linalowaka.

Barabarani. Likitengenezwa vizuri, gari linawaka kwa ufunguo mmoja asubuhi ya baridi ya Limuru, na halijali kimo, kwa sababu kompyuta inapima hewa na kurekebisha mafuta yenyewe. Mtu aliyechoshwa na kabureta ana haki ya kutaka hilo. Likitengenezwa vibaya, ni gari la kasi kubwa lenye usukani, kiti na bati vya mwaka 1970, na hakuna mfuko wa hewa wa kukuokoa.

Thamani. Wapo wanunuzi wanaolipenda gari la namna hii na hulipia kazi safi, lakini ni wachache, na kila mmoja ana ladha yake. Ukikata bodi ili turbo ipite, hakuna kurudi. L24 uliyoitoa itie mafuta ya injini kwenye silinda, ifunike, iweke pakavu; injini yenye namba inayolingana na gari ni mali hata ikiwa sakafuni. Fahamu pia kwamba rali za magari ya kale hukagua kama gari ni la vipimo vya enzi zake, na injini ya miaka ya tisini haipiti.

Karatasi. Kenya, injini mpya inapaswa kuandikishwa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, ili ionekane kwenye kitabu cha gari. Tanzania, kadi ya gari inayotolewa na TRA ina namba ya injini. Nunua injini yenye hati za kuingia nchini, na uzishike mkononi kabla ya kulipa. Namba isiyolingana itakusumbua siku ya ukaguzi, siku ya bima, na siku ya kuuza.

Inamfaa mwenye bodi nzima ambayo injini yake ya asili ilishapotea, mwenye fundi anayemwamini, na mwenye fedha ya kumaliza ikiwa mkononi.

Kwa hali yako

Kama gari ni kamili, namba zinalingana na rangi ya kwanza bado inaonekana chini ya kapeti, irudishe asili, na utumie fedha nyingi zaidi kwenye kuzuia kutu kuliko kwenye mng'aro. Gari kama hilo lina nafasi yake Ngong Racecourse kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, na lina watoto watakaolirithi.

Kama ni kamili lakini limechoka, na unataka kulipanda kila wiki, chukua njia ya pili kwa mpangilio huu: kutu, umeme, breki, bushi, ndipo injini. Rangi iwe ya mwisho kabisa.

Kama umelipata bila injini, au na injini iliyopasuka bloku, tafuta L28 kwanza. Ukiikosa, au moyo wako uko kwenye RB, njia ya tatu haikunyimi kitu ambacho gari halikuwa limeshakipoteza.

Kama reli na sakafu vimeoza na fedha ni ya kubahatisha, tengeneza bodi mwaka huu na usinunue kitu kingine. Gari likae kavu, limeinuliwa, limefunikwa kwa turubai linalopitisha hewa.

Na kama uko Uingereza, Marekani au Ghuba, na ndoto yako ni kulileta gari nyumbani likishakamilika, uliza forodha kabla ya kufungua boneti. Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka 8, Uganda yale ya miaka 15 na zaidi, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Huenda ikawa nafuu kununua bodi iliyoko Nairobi tayari, na kutuma spea.